Ng'ombe Mmoja Zaidi

Ngendo hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kuchunguza. Ukimwambia umetoka Thika, hakuulizi ulifuata nini huko. Anatazama viatu vyako kwanza, aone kama hilo tope ni la Thika kweli. Wenzake ofisini walimwita Sii-Ai-Dii kwa utani, naye alicheka pamoja nao, kwa sababu tabia hiyo hiyo ndiyo iliyompatia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa Ruiru, katika kampuni ndogo ya Bwana Makau, Mkamba mmoja mwenye sauti nzito na hasira za karibu. Kampuni iliuza mbegu za fahali. Mkulima akiona ng'ombe wake yuko kwenye joto, hutuma ujumbe ofisini, na kijana wa kampuni hufika na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa nitrojeni wenye mirija ya mbegu iliyogandishwa. Vijana walikuwa wawili. Omondi alihudumia upande wa Thika, yaani mashule, misheni na mashamba makubwa. Kang'ethe alihudumia wakulima wadogo, wale wa ng'ombe watatu wanne, kutoka Ruiru hadi Juja. Wakulima walimwita daktari ingawa udaktari hakuwahi kuusomea.

Huyu Kang'ethe ndiye aliyekuwa mchumba wa Ngendo. Mwisho wa mwezi, Jumamosi, wazee wake wangefika kwa kina Ngendo, Makongeni ya Thika, kwa ruracio, waanze mazungumzo ya mahari. Baba yake Ngendo alikuwa ameshapaka chokaa ukuta wa mbele. Mama yake alikuwa ameshawatangazia wanawake wa kanisani, na ukishawatangazia hao, umetangazia dunia.

Sasa, huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zimekwisha na barabara zimebaki mashimo matupu. Habari zote za kampuni zilikaa kwenye kompyuta moja, katika majedwali ya Excel ambayo kila karani aliyepita aliyarefusha alivyopenda. Jedwali moja lilisema kila mkulima ana ng'ombe wangapi. Jedwali jingine lilisema ni ng'ombe gani amepandishwa, lini, na mbegu ya fahali yupi. Majedwali hayo yaliishi nyumba moja bila kusalimiana. Bwana Makau akitaka kujua jambo, Ngendo alikaa asubuhi nzima akipanda na kushuka na kipanya hadi macho yakamwuma.

Mishi ndiye aliyemwokoa, au ndivyo ilivyoonekana. Mishi alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, msichana wa Kiislamu wa Majengo, Thika, mwenye duka la kuchapa barua na kufundisha kompyuta. Alimwonyesha programu nyingine, Access, ambayo mtu anaweza kujijengea mfumo wake bila kuwa fundi wa kuandika programu. Unavuta visanduku unachora fomu. Unachora mstari kutoka jedwali hili hadi lile, na kuanzia hapo yanajuana. Unaiwekea mashine sharti, kwamba kitu fulani kisipite kitu fulani, nayo inakulindia.

"Hii haina huruma kama Excel," Mishi alimwambia. "Excel ukiidanganya inanyamaza. Hii itakusema."

Ngendo aliipenda papo hapo. Akajenga mfumo wake pole pole, jioni jioni dukani kwa Mishi na mchana kule Ruiru, na siku alipohamisha majedwali yote alikuwa ameweka sharti moja tu la maana: ng'ombe waliopandishwa katika boma moja wasizidi ng'ombe walio katika boma hilo. Sharti la mtu mwenye akili timamu. Nani atapandisha ng'ombe asiyekuwepo?

Mashine ikakataa. Ilimkataa mkulima wa kwanza, ikamkataa wa pili, ikaendelea kukataa mpaka Ngendo akainua mkono kutoka kwenye kipanya kana kwamba kimemchoma. Boma lenye ng'ombe watatu lilikuwa na majina ya ng'ombe wanne waliopandishwa. Lenye wanne lilikuwa na watano. Kila mahali alizidi mmoja. Angezidi mmoja hapa na watatu pale, angesema ni makosa ya kuandika. Lakini mmoja, mmoja, mmoja, boma baada ya boma! Hilo halikuwa kosa, hilo lilikuwa mpango wa mtu.

Akatazama wateja wa Thika, wale wa Omondi. Safi kabisa, hakuna hata mmoja aliyekataliwa. Akarudi kwa waliokataliwa: wote walikuwa wa Kang'ethe. Akafunga mlango wa ofisi.

Kwa sababu Ngendo alijua, na kila mtu wa kazi ile alijua, jinsi mbegu inavyoibwa. Kijana hutoka ofisini na mirija aliyohesabiwa. Akitaka kuuza mmoja pembeni, lazima aonyeshe umeingia kwa ng'ombe fulani. Basi anamzua ng'ombe. Anampa jina zuri, Nyambura au Rosi, anamwandika kwenye boma la mtu mwaminifu, na mrija unaingia mfukoni. Ng'ombe hewa. Na kwa miezi kadhaa Bwana Makau alikuwa akinung'unika kwamba kuna mtu huko Mwiki anauza mbegu ya fahali wake wa Kiholanzi kwa bei ya kutupa.

Mtu mwingine angemwita Kang'ethe, akamketisha, akamwambia, ebu nieleze hii. Ngendo hakumwita. Alianza kuchunguza.

Na moyo ukishaanza kutafuta ubaya, utaupata hata kwenye chumvi. Akakumbuka mabati ambayo Kang'ethe alinunua kwa mpigo mmoja wakati watu wanaezeka nyumba nusu nusu. Akakumbuka viatu alivyomletea yeye mwenyewe, vya ngozi halisi, vikiwa bado kwenye boksi. Siku ile alifurahi mpaka akalia. Leo alivitazama miguuni mwake akaona haya kuvivaa. Akakumbuka kwamba Kang'ethe hurudi kwa kuchelewa akipitia njia ya Mwiki, eti pikipiki huko haisumbuki na mashimo. Njia ya Mwiki! Tangu lini Mwiki ikakosa mashimo?

Alimweleza Mishi, kwa sababu siri ile ilikuwa inamla.

"Umemuuliza?" Mishi akasema.

"Nikimuuliza atajipanga."

"Atajipanga vipi na kitu kimeshaandikwa? Ngendo, huyo ni mtu unaenda kuolewa naye. Muulize."

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

Mishi aliacha kuchapa. "Kumbe ameshakuwa mwizi," akasema, kisha akaendelea na barua ya mteja na hakutaka tena maneno hayo siku hiyo.

Jumatano Kang'ethe alimpeleka Ngendo kunywa chai katika hoteli moja karibu na stesheni ya Ruiru. Alikuwa na furaha, mwanamume yule, masikini ya Mungu, na mtu mwenye furaha huongea ovyo. Akaeleza jinsi mjomba wake alivyokubali kuwa msemaji siku ya ruracio, na jinsi mjomba huyo asivyojua kunyamaza. Ngendo alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Siku hizi kazi ni mingi upande wako," alisema, akijifanya hajali.

"Mingi sana. Watu wa Juja wameamka."

"Na wewe huwa unawaona hao ng'ombe wote na macho, ama unaambiwa tu?"

Kang'ethe akacheka. "Wengine nawaona, wengine naambiwa. Ukienda kwa watu lazima uende na heshima. Si unajua watu wetu."

Hapo ndipo angefungua mdomo. Neno lilikuwa mezani kabisa, karibu na sahani ya mandazi. Lakini Ngendo alisikia kile kicheko tu, na kicheko cha mtu unayemshuku hakina maana mbili kwako. Akajiambia: anacheka kwa sababu anajua siwezi kumshika. Akamaliza chai yake, akamshukuru, akakubali kusindikizwa mpaka mlangoni pa ofisi. Jina lake alikuwa ameshaliandika kwenye ripoti asubuhi ile.

Alhamisi aliipeleka ripoti kwa Bwana Makau. Kusema kweli hakuipeleka kwa ukatili. Alijiambia kwamba ni kazi yake, kwamba akinyamaza na jambo likajulikana baadaye, watasema mke na mume walikula pamoja. Alijiambia mengi mazuri. Lakini chini ya yote hayo alikuwa na hasira ya mtu aliyeona amefanywa mjinga, na hasira ile ndiyo iliyobeba karatasi.

Bwana Makau alisoma amesimama. "Huyu si ndiye mchumba wako?"

"Ndiye."

"Na umemuuliza?"

Watu wawili sasa swali moja. "Nilitaka uone kwanza, mkubwa," Ngendo akajibu.

Kang'ethe aliporudi mchana, Bwana Makau alimfuta kazi pale uani mbele ya kila mtu. Akachukua ufunguo wa pikipiki, akachukua mtungi, akamwambia aende nyumbani na asubiri polisi. Kang'ethe hakupiga kelele. Aliuliza ameiba nini, akaambiwa mbegu. Akauliza nani anasema, na Bwana Makau, ambaye hakujua kuficha kitu, akaelekeza kidole dirishani. Ngendo alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Kang'ethe alimtazama, akafunga zipu ya jaketi, akatoka getini kwa miguu.

Usiku huo Ngendo hakulala, lakini hakujuta. Bado.

Ijumaa asubuhi Bwana Makau alitaka ushahidi kabla ya kwenda kituoni. Akamchukua Ngendo kwenye pikapu wakaenda boma la kwanza katika orodha, kwa mwanamke mmoja mjane aitwaye Wakonyo, upande wa Juja. Mashine ilisema Wakonyo ana ng'ombe watano, lakini sita wamepandishwa. Huyo wa sita, aliyeandikwa Nyange, ndiye waliyekuja kuthibitisha kwamba hayupo.

Walimkuta Wakonyo amevaa gambuti za marehemu mumewe, mkononi ndoo, na uso wa mtu aliyekesha. Hakungoja salamu.

"Daktari yuko wapi? Nilituma mtoto kwenu jana mchana. Ng'ombe wangu amelia usiku wote akitaka fahali na sasa joto linaisha. Mnajua hiyo ni kungoja wiki tatu zingine? Mmemweka wapi Kang'ethe?"

"Mama, tutakuja kwa hiyo," Bwana Makau alisema kwa sauti yake ya adabu, ambayo hakuitumia mara nyingi. "Kwanza tuambie, una ng'ombe wangapi?"

"Watano," Wakonyo akajibu mara moja.

Bwana Makau akamtazama Ngendo kwa jicho la umeona. Ngendo akainamisha macho kwenye orodha. Basi ni kweli. Mpaka dakika hiyo, kumbe, kulikuwa na sehemu ndogo ndani yake iliyokuwa ikiomba iwe uongo.

Wakazunguka nyuma kwenye zizi. Bwana Makau akatangulia, akasimama, akakunja uso. Akanyoosha kidole, akaanza kunong'ona hesabu, akafika mwisho, akarudia kutoka upande wa pili. Ng'ombe walikuwa sita. Wa mwisho alikuwa mweupe mwenye kiraka cheusi begani, tumbo limeshaanza kutokeza, anatafuna majani yake bila habari na mtu.

"Mama, na huyu?"

"Huyo ni Nyange."

"Ni wako?"

"Kwani ni wa nani? Shusha hicho kidole."

"Sasa si hao ni sita?"

Wakonyo aliweka ndoo chini. "Wewe unatoka wapi?"

"Machakos, mama."

"Labda kwenu mnahesabu mali ya mtu mkimwonyeshea kidole mpaka mwisho. Hapa kwangu hapana. Nilisema watano. Yule mmoja ni wa kubaki." Akageuka kwa Ngendo, na sauti ikawa kali zaidi, kwa sababu huyu hakuwa na udhuru. "Wewe ni wa kwetu. Wewe unafanya nini kumleta mtu aje kunihesabia ng'ombe hivi? Nyumbani kwenu hakuna cucu?"

Alikuwepo cucu. Alikuwepo bibi mzaa mama yake, kule Gatundu, ambaye ukimwuliza ana wajukuu wangapi anakwambia "Mungu amenisaidia" na hakuna cha kumtoa neno jingine. Alikuwepo baba yake mwenyewe, ambaye watoto wake wakipanda gari kwenda safari huwataja kwa majina lakini hawahesabu, na ole wako uwahesabu mbele yake. Na hata hesabu ya lugha yao yenyewe, wazee wakifika kumi husema kenda muiyuru, tisa iliyojaa, ili wasilitaje lenyewe. Ukitaja vyako vyote hadi cha mwisho, umekaribisha kifo kije kichague. Hayo alinyonyeshwa nayo. Aliyajua kabla hajajua kusoma.

Na mashule ya Omondi? Mashule na misheni hayana cucu. Ng'ombe wa shule si wa mtu. Wahesabu hata mara mia.

"Kang'ethe alipokuja kuandika aliuliza vizuri," Wakonyo alikuwa akiendelea. "Nikamwambia watano, akaandika watano, akapandisha yule anayelia. Hakuingia zizini kwangu na kidole. Huyo ni mtoto aliyelelewa. Sasa niambieni yuko wapi."

Walipitia maboma mengine mawili, kwa sababu Bwana Makau alikuwa mtu wa kuhakikisha, na kote mambo yalikuwa yale yale: kinywani mmoja hayupo, zizini yupo. Kufikia mchana alikuwa ameikunja orodha akaitia mfukoni. Habari ya Mwiki nayo, alipoiulizia kwa simu kutoka Juja, ikawa ni umbea wa washindani. Mtu huyo aliuza mbegu yake mwenyewe, tena mbaya.

"Nitamwomba msamaha leo leo," Bwana Makau alisema wakirudi. "Mimi ni mgeni wa mambo haya. Atanielewa." Akabadilisha gia.

Alituma Kang'ethe aitwe, akamwomba msamaha kweli, pale pale uani alipomfuta kazi, mbele ya watu wale wale. Kang'ethe alipokea ufunguo na mkono wa mkubwa wake bila kinyongo. Akakagua mtungi, akatikisa kichwa kuona nitrojeni imeachwa ipungue. Ngendo alisubiri mpaka wengine wakaondoka, ndipo akamkaribia.

"Kang'ethe, nisamehe. Mashine ilionyesha..."

"Mashine haikosi. Ilionyesha ilichoonyesha." Alikuwa akifunga kamba ya mtungi, hakumtazama. "Makau simlaumu. Hata Wakonyo akimfukuza na ndoo hawezi kujua. Lakini wewe, Ngendo? Wewe ungekaa chini dakika mbili ungejua."

"Nilijua. Sikukumbuka tu."

"Ungeniuliza ningekukumbusha." Akavuta fundo. "Jumatano tulikunywa chai. Nikakueleza mambo ya mjomba, ukanisikiliza. Ulikuwa umeshaniandika?"

Angeweza kumdanganya. Uongo mmoja mdogo, wa asubuhi kuwa jioni, na nani angejua? Lakini macho yake yalikuwa yameshajibu.

"Nilikuwa nimeshakuandika," akasema.

Kang'ethe alilikagua fundo mara ya pili. Alipoongea hakuwa na hasira, na Ngendo alitamani sana angekuwa nayo, kwa sababu hasira hupoa.

"Ungenijia hata na matusi, ningejibu. Ningekasirika, ningejibu, tungeendelea. Lakini kukaa na mtu ambaye akiona jambo ananiangalia tu na kunyamaza, halafu anikabidhi kwa watu..." Akavaa kofia ya pikipiki. "Nimekusamehe. Hiyo usiwe na shaka nayo. Lakini kesho wazee hawatakuja. Nimeongea na mjomba."

"Watakuja lini?"

Pikipiki ikawaka. Aliinua mkono kidogo, kama unavyomuaga mtu wa ofisini, akaenda kwa Wakonyo kuona kama kuna cha kuokoa.

Ngendo alirudi Thika jioni ile. Nje ya nyumba baba yake alikuwa amepanga viti alivyoazima kanisani, anavikaza miguu kimoja kimoja kwa nyundo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwamba wazee hawatakuja, kwamba mambo yamekwisha, na nyundo ikabaki mkononi. Kisha hasira ya mzazi ikampanda.

"Amekufanyia nini? Amekupiga? Ana mwanamke mwingine? Sema, niende kwao kesho na ndugu zangu. Mtoto wangu hawezi kuaibishwa bure."

Mama yake alikuwa ametoka akasimama mlangoni kusikiliza.

"Hajanifanyia kitu, baba."

"Ameiba? Anakunywa? Mtu haachi mchumba wake hivi hivi. Lazima kuna kitu alichofanya."

"Hakuna," Ngendo akasema. "Hakufanya kitu chochote."

Baba yake aliweka nyundo juu ya kiti. Halafu akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka jibu, "Basi wewe umefanya nini?"